Kazi 4,000, wasafiri 10,000: kisa cha Nairobi ya 1964 na hesabu iliyobaki

Mapema mwaka 1964 Kenya ilikuwa na wiki chache tu tangu ipate uhuru, na tayari serikali ilikuwa na jambo linaloikosesha usingizi: vijana wasio na kazi. Januari ile askari wa kambi ya Lanet, karibu na Nakuru, walikuwa wameasi, siku chache baada ya wenzao wa Tanganyika na Uganda kufanya vivyo hivyo. Mitaani Nairobi, watu walioimba uhuru sasa walitaka kuuona mfukoni. Basi serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi wakakaa kitako wakaandikiana mapatano ambayo wanahistoria wa uchumi wanayajua kama Mkataba wa Pande Tatu.

Yaliyomo yalieleweka na kila mtu. Waajiri, wa serikali na wa binafsi, waongeze wafanyakazi kwa asilimia 10 hadi 15 kulingana na aina ya mwajiri. Vyama vya wafanyakazi navyo visidai nyongeza ya mshahara wala kuitisha mgomo kwa mwaka mzima. Asiye na kazi aende ofisi ya kazi ajiandikishe. Mtu mwenye nia njema angeona kasoro gani hapo? Kila upande umejinyima kidogo ili asiye na kitu apate.

Watu zaidi ya 200,000 walijitokeza kujiandikisha. Waliopata kazi walikuwa sehemu ndogo tu ya hao. Siwabezi hata kidogo hao waliopata, maana kila mmoja alikuwa na jiko nyuma yake lililowaka kwa sababu ya kazi ile. Lakini foleni haikufupika. Mwaka 1970 serikali ilirudia mkataba wa namna ile ile, na hilo peke yake linatosha kuonyesha kwamba wa kwanza haukuziba pengo.

Iweje kazi ziongezwe, na wasio na kazi wasipungue? Swali hilo, lililoulizwa Nairobi na kuhusu Nairobi, lilizaa mojawapo ya makala zinazotajwa sana katika somo zima la uchumi. Jarida la American Economic Review lilipotimiza miaka 100, mwaka 2011, kamati ya wachumi mashuhuri ilichagua makala 20 bora zilizowahi kuchapishwa humo. Makala ya John Harris na Michael Todaro ya mwaka 1970 ilikuwa mojawapo. Nimekutana na vijana wengi wa Afrika Mashariki waliofanya mtihani juu ya modeli ya Harris na Todaro, yaani picha ya uchumi waliyoipanga kwa hesabu, bila kuambiwa kwamba ilitoka hapa kwetu, na hilo linaniuma. Kwa hiyo naomba nikieleze kisa hiki kwa utulivu, kuanzia mwanzo.

Picha iliyokuwapo kabla yao

Kabla ya hapo, picha iliyotawala vichwa vya wachumi wa maendeleo ilikuwa ya Arthur Lewis, mzaliwa wa St. Lucia katika Karibiani, ambaye baadaye, mwaka 1979, alipata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Katika makala yake ya mwaka 1954 Lewis alieleza kwamba kijijini mikono ni mingi kuliko kazi, kiasi kwamba mtu akiondoka mavuno hayapungui kwa kiasi cha kuonekana. Kiwanda cha mjini kikilipa kidogo zaidi ya kile mtu anachopata nyumbani, watu watakuja, kiwanda kitapata faida, kitapanuka, kitaajiri wengine, hadi siku mikono ya ziada itakapokwisha. Ni picha nzuri, na nchi kadhaa za Asia zilipitia mkondo unaofanana nayo.

Lakini katika picha ya Lewis msafiri huja kwa sababu kazi inamngoja. Hakuna nafasi ya mtu anayekuja, akakosa, akabaki, na hata hivyo ndugu yake akamfuata mwezi unaofuata. Nairobi ya miaka ya sitini ilijaa watu hao.

Bado wapo. Nimewahi kusimama nje ya geti la kiwanda kimoja Industrial Area saa kumi na mbili kasoro asubuhi. Wanaume walikuwa kama sitini, mikono ndani ya mifuko ya jaketi kwa baridi ya Julai. Geti dogo likafunguka, msimamizi akatoka, hakusema neno. Alinyoosha kidole tu: wewe, wewe, wewe mrefu, na wewe. Wanane wakaingia. Geti likafungwa. Waliobaki hawakulalamika. Wengine walivuka barabara kwa mama wa chai na mandazi, wengine wakaelekea geti la pili lililo umbali wa dakika kumi kwa miguu. Kesho yake nilipopita walikuwa palepale, na nyuso kadhaa zilikuwa mpya.

Mtu wa pupa angesema hawa hawajui wanachofanya. Todaro na Harris walianza kwa kukataa kauli hiyo. Todaro alikuwa mtafiti katika taasisi ya masomo ya maendeleo ya Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi, wakati huo kikiwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Harris alikuwa mwalimu wa MIT kule Marekani. Mfuko wa Rockefeller ndio uliowawezesha kufanya utafiti wao huku. Todaro alitangulia na makala yake mwaka 1969, kisha wakaandika pamoja ile ya 1970. Walisema: tuchukulie kwamba mtu anayepanda basi amekwisha kupiga hesabu zake. Je, hesabu hiyo inafananaje?

Hesabu yenyewe

Namba ninazotumia hapa ni zangu, nimezichagua ili ziwe nyepesi kushika.

Tuseme shambani mtu anapata shilingi 60 kwa mwezi. Mjini kazi ya kuandikwa inalipa 150, na mshahara huo umeshikiliwa na sheria na chama cha wafanyakazi, kwa hiyo haushuki hata wanaoutaka wakiwa wengi. Kila mmoja angetamani 150. Lakini kijana aliyekaa chini ya mwembe anajua kwamba si kila anayekwenda anapata. Anasikia habari kutoka kwa waliotangulia. Akiona kwamba kati ya kila watu 10 walioko mjini 4 wana kazi, basi mjini kwake si 150. Ni 150 mara nne ya kumi, yaani 60. Sawasawa na shambani. Hapo kwenda na kubaki havipishani, na msafara unatulia.

Sasa weka mji mzima juu ya hesabu hiyo. Kazi ni 40,000. Watu walioko mjini wanaozitaka ni 100,000. Wasio na kazi ni 60,000, na hali imetulia hivyo. Serikali inaona haya, inaita waajiri, inaongeza kazi kwa asilimia 10. Zinakuwa 44,000. Siku hiyo hiyo nafasi ya kupata kazi mjini inapanda kutoka asilimia 40 hadi 44, na thamani ya mji machoni pa yule kijana inapanda kutoka shilingi 60 hadi 66. Shambani bado ni 60. Habari inafika kijijini kwa redio, kwa barua, kwa utingo wa basi. Watu wanafungasha. Wanaendelea kuja mpaka mji uwe na watu 110,000, maana hapo ndipo 44,000 inakuwa tena nne ya kumi.

Hesabu wasio na kazi sasa: 66,000. Kazi 4,000 zimeleta wasafiri 10,000. Foleni imerefuka kwa watu 6,000, na shambani kuna majembe 10,000 yaliyotundikwa ukutani.

Kuna jambo jingine ndani ya hesabu hiyo ambalo walimu wengi hulipita haraka, na mimi naliona kuwa ndilo zito zaidi. Kwa Lewis, mfanyakazi anayetolewa kijijini karibu hagharimu nchi chochote, kwa sababu kule alikuwa wa ziada. Kwa hesabu ya Nairobi kila kazi moja ya mjini inavuta watu wawili na nusu. Wawili na nusu mara shilingi 60 za shambani ni 150. Yaani taifa linapoteza shambani kiasi kile kile kinacholipwa mjini. Waziri anayezindua kiwanda akidhani ameajiri watu waliokuwa bure amehesabu upande mmoja wa daftari. Wachumi wanaopima faida na hasara za miradi ya umma walilazimika kuirudia kanuni yao ya kupima gharama ya kazi, na mpaka leo mtu anayefanya upimaji huo katika nchi yenye foleni ya mjini hawezi kulikwepa swali hili.

Na ndiyo maana Mkataba wa 1964 haukuponya. Kazi ilikuwa kazi, lakini ilikuwa pia tangazo.

Mshahara ule ulitoka wapi

Kila kitu katika hesabu hii kinasimama juu ya ile 150 isiyoshuka. Kenya ilifikaje hapo?

Kwa miongo mingi serikali ya kikoloni ilimtaka Mwafrika mjini kama mpita njia: mwanamume bila mke, mwenye kipande (hati ya utambulisho na kazi) shingoni, analipwa pesa ya kumtosha yeye tu, na mkataba ukiisha arudi. Mwaka 1954 mambo mawili yalitokea pamoja. Aprili, katika vita dhidi ya Mau Mau, jeshi lilifanya msako mkubwa Nairobi, Operesheni Anvil, na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa au kuondolewa mjini. Mwaka huohuo kamati iliyoongozwa na Carpenter ikatoa ripoti kuhusu mishahara ya Waafrika, ikasema mshahara wa mtu mmoja hautoshi; mfanyakazi alipwe kiasi cha kuweza kuishi mjini na familia yake, atulie, ajifunze kazi.

Ripoti ile ilikuwa ya haki, naisema hivyo bila kusita. Lakini mshahara ulianza kupanda wakati lango la mji likiwa limefungwa kwa bunduki na karatasi. Hali ya hatari ilipoondolewa mwaka 1960, kisha uhuru ukaja, lango lilifunguka huku mshahara ukiwa juu. Sensa ya 1969 ilikuta watu 509,286 Nairobi. Waliokuja walikuwa wakiufuata mlango ambao baba zao walipigwa wakiukaribia. Anayeisoma modeli hii bila historia hiyo anaweza kudhani tatizo ni mshahara mzuri. Tatizo lilikuwa ni mshahara mzuri wa wachache katika nchi ambayo mkulima mdogo alikuwa ameachwa nyuma kwa makusudi: kwa muda mrefu alikatazwa hata kulima kahawa.

Kwa kweli Harris na Todaro walilielewa hilo. Ushauri uliotoka kwenye hesabu yao ni kwamba ukitaka kufupisha foleni ya mjini, pandisha upande wa pili wa mizani: fanya ile 60 iwe 80, iwe 90. Barabara ya kufikisha mazao sokoni, bei nzuri ya maziwa na chai, shule na zahanati karibu. Fedha inayotumika kijijini inapunguza wasio na kazi mjini. Hilo lilikuwa geni masikioni mwa wapangaji wa maendeleo ambao ndoto yao yote ilikuwa bomba la moshi la kiwanda.

Yasiyokaa sawa

Nikiiheshimu modeli hii, sharti niseme pia inapochechemea.

Kwanza, inachukulia kazi kama bahati nasibu: kila aliyeko mjini ana nafasi sawa, kura inapigwa. Aliyewahi kutafuta kazi Nairobi anajua si hivyo. Binamu yangu alitembea na bahasha ya kaki kwa mwaka mmoja na miezi minne. Ndani mlikuwa na vyeti vyake, nakala za kitambulisho, na barua ya chifu. Mwishoni pembe za bahasha zilikuwa zimelika akazibandika kwa seloteipu. Mahali pamoja, ambapo sitapataja, mlinzi alimuuliza kabla hata hajafungua mdomo: "Umetumwa na nani?" Alikuwa hakutumwa na mtu. Kwake nafasi haikuwa nne ya kumi, ilikuwa karibu na sifuri, na kwa kijana mwingine mwenye mjomba ofisini ilikuwa karibu na kumi ya kumi. Tena waliokuwa na kazi za kuandikwa walizishika kwa mikono miwili, hawakuziacha, kwa hiyo nafasi zilizofunguka kila mwezi zilikuwa chache kuliko hesabu ya jumla inavyodokeza. Todaro mwenyewe, katika ile makala ya 1969, alikuwa ameweka muda ndani ya hesabu: mtu hakubali kukaa bila kitu kwa sababu ya mwezi huu, anaangalia miaka mingi mbele, na kadiri anavyokaa mjini ndivyo anavyojuana na watu na nafasi yake inavyokua. Kwa maoni yangu makala hiyo ya kwanza iko karibu zaidi na maisha kuliko ile iliyopata sifa.

Pili, kuna zile 200,000. Mtu kujiandikisha hakusemi alitoka wapi. Yupo aliyekuwa mjini siku zote bila kuhesabiwa. Yupo aliyekuja mara moja kuandikisha jina akarudi kupalilia. Foleni ya ofisi ya kazi inaonyesha hamu, na hamu ni habari ya kweli, ila haithibitishi kwamba kila jina lilikuwa safari mpya. Kisa cha 1964 kinaipa hesabu nguvu, lakini hakiwezi kuwa ushahidi pekee.

Tatu, na hili ndilo kubwa: modeli ilikuwa na watu wa aina mbili tu mjini, wenye kazi ya kuandikwa na wasio na chochote. Lakini nani anaweza kuishi Nairobi bila chochote? Hata wale sitini wa getini, wengi wao kufikia saa nne walikuwa kwenye mjengo, wakisukuma mkokoteni, wakiosha magari, wakikunja mabati. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilileta Kenya ujumbe mkubwa ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly. Walipotazama walikuta kwamba tatizo la wengi halikuwa kukaa bure bali kufanya kazi kutwa na bado kuwa maskini. Wakalitumia jina ambalo Keith Hart alikuwa amelileta kutoka utafiti wake kule Accra, Ghana: sekta isiyo rasmi. Ripoti ya Kenya ndiyo iliyolitangaza jina hilo dunia nzima. Sisi tulikuwa na jina letu, jua kali, lililosema jambo lile lile kwa maneno mawili. Leo, ukiacha kilimo kidogo, zaidi ya asilimia 80 ya ajira nchini Kenya iko huko. Gary Fields na wengine waliiongeza sekta hiyo ndani ya modeli mwaka 1975 na baadaye, na hesabu ikabadilika: anayekuja mjini hachagui kati ya kazi na njaa, anachagua mahali pa kusimama huku akiingoja kazi, na akisimama huko huenda akagundua kwamba karakana yake inamlipa kuliko alichokuwa akikingoja.

Watoto wa wazo hili

Wazo zuri hujulikana kwa mabishano linayozaa. Jagdish Bhagwati na T. N. Srinivasan waliichukua modeli mwaka 1974 wakaonyesha kwamba Harris na Todaro walikosea mahali pamoja pazito. Harris na Todaro walikuwa wamefikia kwamba ili kupata hali bora kabisa, serikali ingelazimika kuunganisha ruzuku ya mishahara na kuzuia watu kuhama. Bhagwati na Srinivasan walithibitisha kwamba ruzuku iliyo sawa kwa mjini na shambani ingefikisha pale pale bila kumzuia mtu yeyote kupanda basi. Naona hiyo ni mojawapo ya nyakati ambapo hesabu kavu imefanya kazi ya utu.

Mtoto mwingine alizaliwa Nairobi yenyewe. Kati ya 1969 na 1971 kijana wa Kimarekani aitwaye Joseph Stiglitz alikuwa mtafiti katika taasisi ile ile aliyokuwapo Todaro. Aliona mshahara wa mjini ukiwa juu, foleni ikiwa ndefu, akauliza swali ambalo wenzake walikuwa wameliacha: sheria na vyama kando, kwa nini mwajiri mwenyewe asishushe mshahara wakati watu wamejaa getini? Akajibu kwamba mfanyakazi akilipwa vibaya ataondoka, na kumfunza mwingine ni gharama. Baadaye, yeye na Carl Shapiro, mwaka 1984, wakaongeza: mfanyakazi anayelipwa vizuri anaogopa kupoteza kazi, kwa hiyo anajituma. Fikra hizo za mshahara unaoleta tija sasa zinafundishwa kueleza ukosefu wa kazi Marekani na Ulaya. Stiglitz, aliyepata Nobel mwaka 2001, amesema mwenyewe kwamba muda wake Kenya ulikuwa na uzito mkubwa katika fikra zake. Tumezoea kusikia nadharia zikitoka Chicago na Cambridge kuja kutufaa au kutuumiza. Hii ilipanda ndege upande wa pili.

Lipo pia tumizi lililonisikitisha. Watawala wengi walipenda kusikia kwamba wanaokuja mjini ni wengi mno, na wakaishia hapo. Sisemi kwamba makala ya wachumi ndiyo iliyowafunza kukamata watu. Desturi hiyo ilikuwapo tangu enzi za kipande, na kila nchi ilikuwa na sababu zake. Dar es Salaam mwaka 1983 sheria ya Nguvu Kazi ilitumika kuwasomba wasio na kazi rasmi na kuwapeleka mashambani. Wauza karanga na mafundi viatu waliingizwa kwenye malori pamoja na vijana wa vijiweni. Wengi walirudi mjini. Mtu aliyekwisha kupiga hesabu zake hazibadilishi kwa kupandishwa lori: bado kule anakopelekwa ni 60, na huku bado kuna nafasi.

Hesabu ilipopimwa

Kwa miaka mingi wachumi walibishana kwa kalamu. Kisha likaja zoezi la kuwafuata watu wenyewe. Mkoa wa Kagera, Tanzania, kaya zilizohojiwa mwanzoni mwa miaka ya tisini zilitafutwa tena mwaka 2004, kila mtu popote alipokuwa: Mwanza, Dar es Salaam, hata Uganda. Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt na Stefan Dercon walilinganisha ndugu waliokulia nyumba moja. Waliohama, matumizi yao yalikua kwa asilimia 36 zaidi ya ndugu zao waliobaki. Pengo hilo ni kubwa kiasi kwamba swali linageuka: kwa nini hawakuondoka wengi zaidi?

Kuna aliyejibu kwamba huenda waliohama walikuwa tofauti tangu mwanzo. Watafiti wengine, kwa kutumia data za Kenya na Indonesia, walimlinganisha mtu na nafsi yake kabla na baada ya kuhama, na zaidi ya theluthi mbili za tofauti kati ya mjini na shambani ikayeyuka. Mji unalipa zaidi, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya kinachoonekana ni kwamba wanaokwenda ni watu ambao hata nyumbani wangefanya vizuri. Sioni matokeo haya mawili yakigombana sana. Yanasema kwamba faida ipo, na kwamba haigawiwi sawa kwa kila anayepanda basi.

Na Bangladesh, eneo la Rangpur kaskazini, watafiti walizipa familia maskini nauli, kama dola 8 na nusu, ili mtu mmoja aende kutafuta kazi mjini msimu wa njaa. Kwa sababu ya nauli hiyo tu, asilimia 22 ya kaya zilituma mtu ambaye asingekwenda, na waliobaki nyumbani walikula vizuri zaidi. Kumbe hesabu ya wastani iliwaruhusu kwenda tangu zamani. Kilichowazuia ni hofu ya kukosa. Mwenye akiba akikosa kazi anarudi na aibu. Asiye na akiba akikosa, watoto wanalala njaa. Harris na Todaro waliihesabu nafasi, hawakuihesabu hofu.

Oded Stark alilipeleka jambo mbele zaidi katika miaka ya themanini, pamoja na David Bloom, na pamoja na Robert Lucas katika utafiti wao kuhusu Botswana. Walisema anayepiga hesabu mara nyingi si msafiri. Ni nyumba nzima. Familia inamtuma mmoja mjini na kumwacha mmoja shambani ili mvua ikikataa, au kazi ikikataa, upande mmoja usimame.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka shangazi yangu, mama yake yule binamu. Alipomtuma Nairobi aliuza mbuzi. Miezi minane baadaye, kijana akiwa bado na bahasha yake, kila mtu kijijini alisema amrudishe. Shangazi hakumrudisha. Alikaa na mjomba mezani usiku, taa ya chemni katikati, wakahesabu kilichobaki: mahindi ya mpaka Juni, karo ya wa mwisho, dada aliyekuwa tayari kulea kuku wa kuuza. Akachukua kipande cha karatasi ya daftari akagawanya kilichobaki mafungu matatu. Asubuhi alikwenda sokoni Luanda, magharibi mwa Kenya, na mbuzi wa pili, akauza, akamtumia mwanawe pesa ya kodi ya nyumba ya miezi miwili. Kisha akaenda moja kwa moja duka la pembejeo, akanunua mfuko wa mbolea.